Kisheria, waliosombwa Mai Mahiu bado wako hai

Mhariri,

Nina swali ambalo nimelizungusha katika ofisi nyingi bila kupata jibu. Mtu akisombwa na mafuriko na mwili wake usipatikane, serikali ya Kenya inamhesabu kuwa nani?

Usiku wa kuamkia Jumatatu, Aprili 29, 2024, maji yaliteremka kutoka upande wa Kijabe yakatukuta usingizini. Habari za kwanza zilisema bwawa limepasuka. Baadaye serikali ikaeleza kwamba karavati iliyo chini ya tuta la reli ilikuwa imezibwa na magogo, mawe na tope, maji yakajikusanya nyuma ya tuta hadi yakapata njia kwa nguvu. Kijiji cha Kamuchiri na vingine vilivyo chini ya mteremko vikawa mkondo wa mto. Zaidi ya watu 45 walithibitishwa kufa hapa Mai Mahiu, na mvua za masika mwaka huo ziliua karibu watu 300 nchini kote. Hao ni wale ambao miili yao ilionekana. Ndugu yangu mdogo hayumo katika hesabu hiyo, na si yeye peke yake.

Siwezi kusema hatukusaidiwa. Walikuja wanajeshi, wakaja wa Msalaba Mwekundu, mbwa wa kunusa na tingatinga. Vijana wa kijiji walichimba kwa majembe na sufuria, wengine kwa mikono mitupu. Tulijifunza pia kutumia nondo. Unaichomeka kwenye tope hadi igote, unaichomoa polepole, kisha unanusa ncha yake. Ikija na harufu, unawaita wenye majembe. Mara nyingi alikuwa ni mbuzi au ng'ombe. Shemeji yangu, ambaye alinusurika kwa kung'ang'ania tawi la mgunga, alishika nondo mkono mmoja ukiwa bado umefungwa bendeji. Tulipomwomba apumzike alisema hataki mgeni ndiye awe wa kwanza kumnusa mumewe.

Halafu msako ukaisha. Hakuna aliyetuita akatuambia umeisha. Tuliona tu mashine zinapakiwa kwenye malori. Tulikuwa tumekwisha kwenda mochari mara nyingi, tukiangalia miili ambayo tope lilikuwa limeifanya yote ifanane, watu wakitambua jamaa zao kwa soksi, kwa jino lililong'oka, kwa mshono wa sweta. Mama yetu alichukuliwa sampuli ya mate kwa ajili ya DNA. Majibu hatujayapata hadi leo, wala hatujaambiwa tuyaulize wapi.

Sasa nifike kwenye kilio chenyewe. Bila mwili hakuna kibali cha mazishi. Bila kibali hakuna cheti cha kifo. Na bila cheti cha kifo, Mhariri, mjane si mjane na yatima si yatima, hata kijiji kizima kiwe kilishuhudia nyumba ikiondoka na maji.

Ndugu yangu alikuwa utingo wa lori, na alikuwa na mkopo katika sacco. Kwa kawaida mwanachama akifariki, bima hulipa deni lake na warithi wakapewa akiba yake. Lakini sacco inataka cheti cha kifo. Kwa kuwa hakipo, kwenye vitabu vyao yeye ni mwanachama aliye hai ambaye ameacha kulipa. Simu yake ilipotea naye, kwa hiyo ujumbe wa kudai unaenda kwa wadhamini, nao wameanza kukatwa. Mmoja wao ni mwenzake wa safari, mtu wa mshahara mdogo, ambaye alitusaidia kuchimba. Sasa akikutana na shemeji yangu dukani hawajui waongee nini. Huyu anakatwa pesa kwa ajili ya marehemu, yule anaona haya kwa deni ambalo bima ingelilipa kama kungekuwa na karatasi moja tu.

Ploti iliyobaki, ambayo sasa ni mawe matupu, iko kwa jina lake. Shemeji hawezi kuiuza wala kuibadilishana, maana mahakama haisikilizi maombi ya mirathi ya mtu ambaye hajathibitishwa kufa. Fomu ya basari ya mtoto wao mkubwa ina mahali pa kuambatanisha cheti cha kifo cha mzazi. Mwalimu alimshauri aandike tu kwamba baba ametoroka nyumbani, ndiyo njia rahisi ya kupata msaada. Mtoto alikataa. Mimi nilimuunga mkono, ingawa karo ninajua inatoka wapi.

Tulipouliza sheria inasemaje, tulionyeshwa kifungu cha 118A cha Sheria ya Ushahidi: mtu ambaye hajasikika kwa miaka saba na wale ambao wangepaswa kuwa na habari zake, atachukuliwa kuwa amekufa. Kwa hesabu hiyo ndugu yangu atakufa mwaka 2031. Sina shaka kifungu hicho kina sababu yake. Kinamfaa mtu aliyeaga nyumbani akisema anaenda Mombasa kutafuta kazi na hakurudi; huyo huenda yuko mahali na familia nyingine, na ni haki asubiriwe. Aliyekuwa kitandani Kamuchiri usiku ule hakutoroka. Tunajua alikuwa wapi, saa ngapi, na kilichomchukua ni nini. Taifa zima lilikiona kwenye televisheni.

Wakili mmoja alitueleza kwamba mahakama inaweza kuombwa ipokee ushahidi wa mazingira kabla ya miaka hiyo kwisha. Kisha akatutajia ada yake. Kila familia ikiajiri wakili wake kuthibitisha mafuriko yaleyale, basi mafuriko hayo yatakuwa yamewanufaisha watu fulani.

Wenzetu wameliwahi jambo hili. Japani, baada ya tsunami ya Machi 2011, serikali haikuwaambia maelfu ya familia zisubiri. Kufikia Juni mwaka huohuo wizara yao ya sheria ilikuwa imerahisisha utaratibu ili jamaa waweze kuandikisha kifo hata kama mwili haujaonekana, kwa kutumia maelezo yao na ushahidi wa mahali mtu alipokuwa. Sri Lanka nayo ilitunga sheria maalumu mwaka 2005 baada ya tsunami ya mwaka uliotangulia. Sisi hatukosi mabingwa wa kutunga sheria.

Sisi tulichopewa ni sikukuu. Mei 10, 2024 nchi nzima ilipumzika ili kuwakumbuka waliokufa na kupanda miti. Sina ugomvi na miti, hata mimi nilipanda. Lakini siku ile mama alikataa kutoka nje. Ukoo ulikuwa umependekeza tufanye ibada ya mazishi bila jeneza, mchungaji amekubali, na watu wameshaanza kuchanga. Mama akauliza, "Mtazika nini, viatu vyake?" Hakuna aliyemjibu, na michango ikarudishwa. Hata leo jambo hilo limetugawa. Wako wanaoona anachelewesha amani ya mwanawe, na wako wanaosema kama serikali yenyewe haijasema amekufa, mama mzazi atatanguliaje kusema?

Kwa hiyo ombi langu halihusu fidia, ambayo wengine wataizungumzia vizuri kuliko mimi. Kwanza, orodha ya wasiojulikana walipo itolewe hadharani kwa majina, kijiji kwa kijiji, na ibandikwe kwenye ofisi ya chifu ili anayetakiwa kuongezwa aongezwe. Pili, sampuli zilizochukuliwa zilinganishwe na za miili yoyote iliyozikwa bila kutambuliwa, na familia zielezwe matokeo hata yakiwa ni sifuri. Tatu, na hili ndilo kubwa, serikali ipeleke mahakamani ombi moja kwa niaba ya familia zote, kwa gharama yake. Ushahidi si haba: nambari za OB za polisi, barua za machifu na wazee wa Nyumba Kumi, viapo vya majirani. Karavati, ambayo wenye reli wanajua iko wapi, nadhani haihitaji barua yangu ili izibuliwe kabla ya masika, ingawa kaunti hii iliona bwawa likiua Solai mwezi Mei 2018 na tukaambiwa vilevile kwamba somo limepatikana.

Familia kadhaa tumekwisha kukusanya nakala zetu mahali pamoja. Wakili wa serikali aliye tayari kuzipokea atangaze ofisi na siku, hata iwe Nairobi. Nauli tutachangiana.

Mkazi wa Kamuchiri,
Mai Mahiu, Kaunti ya Nakuru