Rais Naye Ni Kondoo

Jumapili ya tarehe 2 Machi 2025, Rais William Ruto alisimama mbele ya waumini wa Jesus Winner Ministry, Roysambu, jijini Nairobi, akatangaza mchango wa shilingi milioni 20 za kujenga kanisa, na juu yake akaahidi harambee kubwa zaidi. Wiki moja baadaye vijana walijaribu kulifikia kanisa hilo kudai maelezo, polisi wakawarushia vitoza machozi. Siku hiyohiyo rais alikuwa Eldoret, kwenye kanisa la AIC, akitangaza milioni 20 nyingine.

Mjadala ulimwandama Ruto peke yake. Pesa amezitoa wapi? Mshahara wake ni kiasi gani? Mbona hospitali hazina dawa? Ni maswali ya haki, na wa kuyauliza ni wengi. Hasira yangu imeelekea kwingine. Mwanasiasa anayetafuta kipaza sauti yuko kazini. Aliyeiacha kazi yake ni kiongozi wa kiroho anayekubali kumkabidhi, na sioni kwa nini tuone haya kulisema hilo kwa kuwa tu amevaa joho.

Wala asiseme mtu kwamba hapakuwa na njia nyingine. Karibu miezi minne kabla ya Jumapili ile ya Roysambu, tarehe 14 Novemba 2024, maaskofu Wakatoliki wa Kenya walikuwa wametoa tamko kali dhidi ya utekaji na uongo uliozoeleka serikalini. Siku tatu baadaye rais akaenda kusali katika Kanisa Katoliki la Soweto, Embakasi. Akatoa shilingi milioni 2 za nyumba ya mapadre na 600,000 za kwaya na watoto wa parokia, akaahidi milioni 3 zaidi pamoja na basi. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza kwamba zilizotolewa zirudishwe na zilizoahidiwa zisipokewe. Hata shilingi 200,000 za Gavana Johnson Sakaja ziliingia kwenye hesabu ya kurudishwa.

Tazama nani aliyekataa. Nyumba ile ingekuwa ya mapadre wa Soweto, na aliyeikataa ni mtu asiyelala humo. Padre wa parokia ana askofu juu yake, ana kamati ya fedha pembeni yake, na anaweza kuhamishwa. Katika huduma nyingi binafsi mwanzilishi ndiye askofu, ndiye mwenyekiti wa wadhamini, ndiye mwenye sahihi benki, na mara nyingi mkewe ndiye mweka hazina. Katika mpango kama huo neno "hapana" halina mahali pa kutokea. Wakatoliki nao wasivimbe vichwa, maana kwa miaka mingi harambee za parokia zao zilikuwa na wageni wa heshima walewale, na bahasha zilifunguliwa kwa vigelegele vilevile. Ila siku ya Soweto walikuwa na mtu wa kusema basi, naye akasema.

Kuna kichekesho hapa ambacho hakihitaji mchekeshaji. Tarehe 5 Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana kuitikisa nchi, Ruto mwenyewe alitangaza kwamba maafisa wa serikali na watumishi wa umma wasishiriki tena harambee. Kwa hiyo viongozi wa dini waliompokea na mamilioni hawakuhitaji kufunga na kuomba ili wapate jibu la kumpa. Wangemkumbusha tu kauli yake.

Watetezi wana hoja zao. Wanasema kanisa linahitaji paa na waumini wake hawana kitu. Kweli, na paa ni jambo la kuchangiwa taratibu, kama ambavyo makanisa mengi ya vijijini yamejengwa, tofali kwa tofali, bila msafara wa magari meusi. Wanasema harambee ni desturi yetu tangu siku za Mzee Jomo Kenyatta, na imejenga shule na zahanati. Kweli tena, lakini harambee ilikuwa watu kuchangiana, wala haikuwa mtu mmoja kuwatangazia wengine. Wanasema, mwisho, kwamba rais ni muumini kama wengine na ana haki ya kutoa sadaka.

Hii ya tatu naitaka. Ni ya kweli kabisa, na mtu akiifuata hadi mwisho inawarudia wenyewe wanaoisema.

Rais ni muumini kama wengine. Haya, muumini hutoaje? Hupanga foleni, hutia sadaka kikapuni au bahasha yake yenye namba, hurudi kuketi. Kiasi alichotoa anakijua yeye na mweka hazina. Hapewi dakika ishirini baada ya mahubiri kueleza barabara alizojenga na kuwapiga vijembe wapinzani wake. Kwaya haifanyi mazoezi ya wiki nzima kwa ajili yake, wala mahubiri hayafupishwi ili asichelewe kwingine. Ikiwa Ruto ni muumini kama wengine, na atoe kama wengine.

Hayo hata hivyo ni ya nje. La ndani ni kwamba muumini ana mchungaji. Fundi seremala akianza kumpiga mkewe, wazee wa kanisa humtembelea jioni na kumwambia usoni kwamba anakosea. Mweka hazina wa kikundi cha akina mama akila pesa za wenzake, huitwa, huhojiwa, hutubu au hutengwa. Hiyo ndiyo faida ya kuwa chini ya mchungaji, yupo mtu ambaye kazi yake ni kukwambia usilotaka kusikia, na ambaye huwezi kumfukuza.

Sasa mtazame rais. Mawaziri wanamtegemea, wabunge wanamtegemea, washauri wake hula kutoka mkononi mwake. Waandishi wanamwogopa au wanamchukia. Kutoka Juni 2024 hadi Machi 2025 yalikuwapo mambo mazito ya kumwambia: vijana waliopigwa risasi tarehe 25 Juni wakipinga Mswada wa Fedha, na wengine waliotekwa mwezi Desemba kwa sababu ya vibonzo na maneno mitandaoni. Katika nchi nzima, mtu pekee ambaye cheo chake kinamruhusu kumketisha Ruto chini, si kama mpinzani wala mwanaharakati, na kumuuliza kuhusu roho za vijana hao, ni kiongozi wake wa kiroho. Hicho ndicho kitu kimoja ambacho kanisa linacho na Ikulu haina. Pesa ya namna ile ikishapokewa, yule mtu wa mwisho naye anajiunga na foleni ya wanaokula.

Kwa hiyo aliyepunjwa kwanza Roysambu ni Ruto. Kaja na milioni 20, kaondoka bila mchungaji. Waumini waliobaki wameharibiwa ibada, nchi imedharauliwa, lakini kondoo aliyeachwa porini siku ile ni yule mwenye walinzi.

Hadithi ya Gehazi, mtumishi wa nabii Elisha, inahubiriwa kila mwaka, na karibu kila mara inahubiriwa vibaya. Tunaambiwa mtumishi alisema uongo akapata ukoma, tusiseme uongo. Mtazame zaidi Naamani, jemadari wa Shamu. Amepona ukoma, amemletea Elisha fedha na mavazi, Elisha amekataa hata baada ya kubembelezwa. Yule jemadari, mtu aliyezoea kununua kila kitu, anaondoka kwa mara ya kwanza akiwa amepewa jambo lisilo na bei. Kisha Gehazi anamkimbilia njiani, anachukua talanta mbili za fedha na mavazi mawili. Ukoma ulimpata Gehazi, naam. Lakini Naamani naye alifika nyumbani akijua kwamba kumbe ilikuwa na bei. Gehazi alimwibia somo lake. Kila mchungaji anayeufuata msafara wa mheshimiwa kwa mkono ulionyooshwa anafanya hivyohivyo, halafu anashangaa kwa nini mheshimiwa huyo haliheshimu kanisa.

Kenya haikosi kumbukumbu ya wachungaji wa namna nyingine. Rais Daniel arap Moi alikwenda kanisani kila Jumapili, na redio ya taifa ikahakikisha hakuna asiyejua. Na bado Askofu Alexander Muge na Askofu David Gitari walisimama mimbarani wakaupinga uchaguzi wa mlolongo, wa kupiga kura kwa kupanga foleni, wa mwaka 1988. Nyumba ya Gitari ilivamiwa usiku mwaka 1989. Muge alitishiwa na waziri Peter Okondo asikanyage Busia. Alikwenda, akafa katika ajali ya barabarani akirudi, tarehe 14 Agosti 1990. Mchungaji Timothy Njoya alipigwa rungu nje ya Bunge Juni 1999 mbele ya kamera. Sasa mfikirie Gitari akipokea milioni kadhaa kutoka Ikulu Jumapili hii, kisha aulaani mlolongo Jumapili ijayo. Nani angemsikiliza? Moi mwenyewe angecheka.

Septemba 2021, huko Butere, siku ya kuwekwa wakfu Askofu Rose Okeno, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kianglikana aliwazuia wanasiasa kuhutubia kanisani, tena mbele yao. Ulikuwa uamuzi mzuri. Lakini kipaza sauti ni nusu tu ya tatizo, maana mwanasiasa aliyenyamazishwa bado ana mfuko, na mfuko huongea.

Jibu la wachungaji linalonimaliza subira ni lile linalosemwa kwa unyenyekevu na mikono imekunjwa: sisi si polisi, hatuwezi kuchunguza sadaka imetoka wapi. Hamwezi? Binti akipata mimba nje ya ndoa, mnachunguza hadi mwezi. Mzee akioa mke wa pili, anazuiwa kwenye meza ya Bwana kabla mahari haijakamilika. Familia ikija kuomba mazishi, daftari la zaka linafunguliwa, na wapo waliozikwa bila mchungaji kwa sababu marehemu alikuwa na deni la michango. Mama muuza mboga anajulikana hadi shilingi alizopunguza mwaka jana. Macho mnayo, tena makali. Mnayafumba msafara unapoingia. Msituambie kwamba ni unyenyekevu.

Na wanaodai kwamba pesa ikifika madhabahuni hutakasika, watueleze kwa nini Petro hakulijua fundisho hilo. Simoni wa Samaria alipomletea fedha, alimkemea yeye na fedha zake pamoja.

Julai 2025 mambo yalifika mahali pake pa kawaida. Gazeti la Daily Nation lilichapisha michoro ya kanisa linalojengwa ndani ya Ikulu ya Nairobi, lenye nafasi ya watu 8,000, kwa gharama iliyotajwa kuwa shilingi bilioni 1.2. Rais alijibu kwamba alikuta kanisa la mabati, kwamba hili analijenga kwa pesa zake, na kwamba hataomba radhi. Wanasheria wakauliza kuhusu ardhi ya umma na nchi isiyo na dini rasmi. Mimi nauliza kuhusu kasisi. Nani atamteua? Nani atamlipa? Akihubiri Jumapili moja juu ya vijana waliotekwa, askari wa langoni watamfungulia Jumapili ya pili? Maaskofu waliopokea mamilioni ndio waliopaswa kuwa wa kwanza kuuliza hayo, na sijamsikia hata mmoja wao.