Hata siku moja kwa mshauri inasaidia

Mzazi, mtoto amekuwa mnyonge, hacheki, masomo yanashuka. Ukiambiwa umpeleke kituo cha afya aongee na mshauri, unapiga hesabu ya nauli na siku za kazi: "Tutarudi mara ngapi?" Mwisho hamwendi kabisa.

Miaka ya 1980 huko California, Marekani, mwanasaikolojia Moshe Talmon aliona wagonjwa wengi wanakuja mara moja wasirudi. Alipowapigia simu, wengi walimwambia mazungumzo yale yaliwasaidia. Nchini Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwapa wanafunzi wa sekondari somo moja tu kwa kompyuta. Baada ya wiki mbili, dalili za sonona zilipungua zaidi kwao kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma.

Basi nendeni mmejiandaa kana kwamba hamtarudi. Nyumbani, muulize mwanao: "Ni jambo gani moja linalokusumbua zaidi?" Mkifika, mwache aseme mwenyewe, usimsomee mashtaka yake mbele ya mshauri. Kabla ya kuondoka, uliza mawili: afanye nini kuanzia kesho, na dalili gani zikionekana mrudi.

Lakini akitaja kufa au akijiumiza, siku moja haitoshi. Mpeleke hospitali leo, wala usimwache peke yake.