Mteja anayekusalimia lakini hakulipi

Wamama wenzangu, juma hili tuongee juu ya madeni.

Nauza sambaza hapa Kadutu. Mama mmoja wa malewa alikuwa anachukua beseni kila asubuhi: "Nitakulipa jioni, mama." Jioni hizo zikawa mwezi. Mtaji wangu wote ulikuwa ndani ya sufuria yake. Wengine waliniambia niende polisi. Nilikataa. Utalipa kwanza pesa ya miguu yao, na tena deni ni jambo la tribinali, si la kasho.

Nilienda kwake saa kumi na mbili asubuhi, kabla hajanunua makala, pamoja na mama mzee tunayemheshimu sisi wawili. Sikupiga kelele, wateja wake wakikimbia, atanilipa na nini? Tulihesabu, tukaandika kwenye kaye, akatia sahihi: kila juma sehemu moja, na sambaza mpya ni pesa mkononi tu. Alinuna. Juma la kwanza alileta yote, la pili nusu.

Sasa naandika tarehe, kipimo, bei na sahihi, hata kwa dada yangu. Huyo ndiye anayenisumbua zaidi.