Jamani, na Sisi Watazamaji Tumo

Haya wadau, leo naomba tuiache siasa ipumzike kidogo. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu niliporudi kutoka Kunduchi, na nimeona bora nilitoe.

Ilikuwa hivi. Mama yangu mdogo anaishi Bagamoyo. Umri umekwenda, magoti yanamsumbua, lakini wajukuu zake watatu walikuwa wamemganda likizo nzima wanataka kupelekwa kwenye ile bustani ya maji ya Kunduchi, Wet 'n' Wild. Nikajitolea. Wao wakapanda gari la Makumbusho wakashuka Mtongani, mimi nikawasubiri pale, tukachukua bajaji hadi ufukweni. Watoto hawakungoja kuambiwa kitu, wakapotelea kwenye maji. Mama mdogo akatafuta kivuli, akavua kandambili, akakaa. Nami nikakaa pembeni yake kwa sababu, nikiri mapema, mimi na vitu vya kupanda juu hatupatani kabisa.

Tulikaa hivyo mpaka alasiri. Jioni mwenzangu mmoja wa kazini akanipigia, nikamsimulia tulikokuwa. Akacheka sana. "Kwa hiyo ninyi wawili mmelipa kiingilio mkaangalie wenzenu wanavyoteleza? Uoga mwingine unagharimu!"

Nilimjibu kwa utani, yakaisha. Lakini nilipolala swali likanirudia. Hivi kweli tulipoteza hela? Maana mama mdogo usiku ule ndiye aliyekuwa anasimulia kuliko watoto wote. Watoto walisema "ilikuwa raha", basi. Yeye alikuwa na hadithi nzima.

Nawaambia alichokiona. Alichagua mteremko mmoja, ule mrefu ulio wazi, akawa anawasoma watu wanapopanda ngazi. "Yule mwenye bukta nyekundu atarudi," ananiambia. Kweli, kijana anapanda kwa mbwembwe, anapungia wenzake mkono, anafika juu, anachungulia chini. Kimya. Unaona kabisa miguu inafanya kikao. Nyuma yake foleni inamsubiri, watoto wadogo wanamtazama. Mara anageuka, anaanza kuwapita watu kwenye ngazi akijifanya kasahau kitu. Mama mdogo alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Kisha akapanda dada mmoja mnene, mtu mzima, hakuna aliyemtegemea. Akakaa, akajiachia. Kona ya kwanza mwili wote ukapanda ukingoni, kona ya pili ukahamia upande mwingine, halafu maji yakapasuka kama kitambaa. Kivuli kizima kikaguna "aaah!" kwa pamoja, watu wasiojuana.

Hapo mama mdogo akaniuliza swali ambalo ndilo limezaa makala hii: "Hivi mwenzetu yule, mwenyewe anajiona alivyopendeza?"

Hajioni, mama. Hawezi kujiona. Yeye ana maji machoni na moyo mdomoni. Ile kona nzuri, ule mstari wa mwili unavyofuata bomba, tumeuona sisi.

Nikaenda mbali zaidi nikawaza zile rola kosta za wenzetu, treni zile ndogo zinazovutwa juu ya mlima wa vyuma kisha zikaachiwa. Mimi sijapanda hata moja, nimeziona kwenye video tu. Nina ndugu anafanya kazi Abu Dhabi, huko kwenye Formula Rossa, iliyofunguliwa mwaka 2010 na inayokwenda hadi kilomita 240 kwa saa. Alinitumia video mbili. Ya kwanza imepigwa mtu akiwa amekaa kiti cha mbele. Unaona reli inakujia, inakujia, imekwisha. Ya pili aliipiga mwenyewe akiwa chini. Reli nyembamba nyekundu imechora mawimbi juu ya mchanga, kimya, halafu kitu kinapita kama shanga zilizokatika uzi, na sauti za watu zinafika baada ya treni kupita. Hiyo ya pili nimeirudia mara nyingi. Ya kwanza niliifuta kupunguza nafasi kwenye simu.

Tena kwa macho yangu mimi, kasi siyo inayonogesha. Zile za zamani zinazovutwa kwa mnyororo ni tamu zaidi kwa mtazamaji. Ukiwa chini unasikia ka-ka-ka-ka, vile vyuma vinavyoizuia treni isirudi nyuma. Inapanda taratibu kama mzee anayepanda ngazi za mahakama. Inafika kileleni, behewa la mbele linainama, la nyuma bado linapanda, na kwa sekunde moja treni nzima inaonekana kama haijaamua. Halafu inamwagika. Na kwa kuwa baada ya pale haina injini ya kuisukuma, kila kilima kinachofuata lazima kiwe kifupi kuliko kile cha kwanza. Ukisimama mbali unaiona hesabu hiyo yote kwa jicho moja, mstari unaopungua pumzi taratibu. Aliyemo ndani anaona kisogo cha mwenzake.

Na msidhani hili ni wazo la mwoga wa Dar es Salaam. LaMarcus Thompson alipojenga ya kwake pale Coney Island, New York, mwaka 1884, nauli ilikuwa senti tano na mwendo ulikuwa kama kilomita kumi tu kwa saa. Abiria aliwakalisha ubavu, kama kwenye benchi za chai maharage zetu za zamani, ili watazame mandhari. Yaani mchezo huu ulipoanza Marekani, hata abiria alikuwa mtazamaji! Mwaka 1901 hapo hapo Coney Island ikajengwa nyingine yenye kitanzi cha kupindua watu vichwa chini. Gari lake lilibeba watu wanne tu, ila waliosimama chini wakishangaa walikuwa umati. Na kitanzi cha kisasa, kilichoanza mwaka 1976 kule California, hakina umbo la duara kamili. Kina umbo kama tone la maji lililogeuzwa, kwa sababu duara kamili lilikuwa linaumiza watu shingo. Kilichofanywa kuokoa shingo kikatokea kuwa kizuri kwa macho kuliko duara.

Sasa turudi nyumbani. Sisi ni nani wa kudharau kutazama? Siku ya Simba na Yanga, Uwanja wa Mkapa unajaa watu elfu sitini waliolipa kuangalia watu ishirini na wawili wakikimbia. Nani amewahi kuwaambia ni waoga, washuke wakacheze? Kwenye taarabu anayeinuka kwenda kutunza ni nani kama si mtazamaji? Wahenga waliposema mcheza kwao hutunzwa, walikwisha kuwaweka watu wawili kwenye sentensi: anayecheza, na anayemtunza. Ukimwondoa wa pili, wa kwanza anaruka ruka peke yake kama kichaa.

Bagamoyo wanalijua hili bila kufundishwa. Nenda ufukweni pale karibu na soko la samaki wakati wa kusi, bahari ikichafuka, ngalawa zikirudi. Utakuta wazee wamekaa chini ya mti, wanasema wanasubiri samaki. Waongo. Wanatazama. Ngalawa inapanda wimbi, inaonyesha tumbo, inazama mpaka inabaki ncha ya tanga, mtu ananyamaza katikati ya neno. Halafu inaibuka, na maongezi yanaendelea kutoka pale pale yalipokatika. Hicho kilima na huo mteremko mzungu amevijenga kwa chuma. Sisi tumepewa na Mungu, bure. Hata pale TaSUBa, chuo kilichoanzishwa mwaka 1981, vijana wakipandiana mabegani kwenye sarakasi, nusu ya utamu iko kwenye pumzi ya watu waliokaa, ile inayozuiwa kwa pamoja na kuachiwa kwa pamoja.

Kinachoniuma ni hiki, wadau. Ukitoka Mbezi ukienda Kunduchi hadi kuikaribia Bagamoyo, bahari ipo lakini sehemu kubwa huioni. Unaona ukuta, halafu geti, halafu ukuta. Nyuma ya kuta hizo kuna watu wanafurahi, tunawasikia. Raha zetu za mijini tunazijenga kama vile mtu pekee anayehesabika ni anayepanda. Mwenye magoti mabovu, mjamzito, mzee, mwenye ulemavu, asiye na nauli ya kurudia mara mbili, hao hatukuwawekea hata kigoda. Na macho hayana pazia, ndiyo, lakini tumegundua kwamba yana matofali.

Najua mtaniambia biashara ni biashara, mtazamaji haingizi kitu. Hebu vukeni mpaka Zanzibar, jioni pale Forodhani. Vijana wanapiga makachu, wanakimbia na kujirusha baharini kwa mitindo, mmoja anapinda, mwingine anakunja magoti. Hakuna tiketi. Ukingo umejaa watu. Na hao waliojaa ndio hao hao wanaokula mishikaki, urojo na juisi ya miwa mpaka usiku. Mtazamaji anakaa muda mrefu, na anayekaa muda mrefu ananunua. Tena aliyetazama leo, kesho anajikuta na ujasiri wa kupanda. Kijana wa bukta nyekundu, kwa taarifa yenu, alirudi saa tisa. Alipanda. Kivuli kizima kilimpigia makofi, na nadhani makofi yale ndiyo aliyoyafuata.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Yeyote atakayejenga sehemu ya michezo katika pwani hii ya kaskazini, iwe Kunduchi, Mapinga au Bagamoyo yenyewe, na awafikirie wanaokaa chini. Aweke benchi penye kivuli, pakielekea mteremko mkubwa. Aweke kiingilio cha mtazamaji, kidogo, tofauti na cha mpandaji. Mteremko mzuri kuliko yote auache wazi, asiufunike bombani. Na upande wa barabara aweke uzio wa kupenya macho badala ya ukuta, ili hata mtoto anayepita na ndoo ya maandazi asimame dakika mbili aseme "aaah" na wenzake. Hizo dakika mbili hazitamfilisi mtu.

Mama mdogo amenipigia jana. Magoti bado. Anauliza lini tunarudi Kunduchi, maana anataka kuona kama yule dada mnene atakuja tena. Nimemwambia mwisho wa mwezi, Mungu akipenda. Na yule mwenzangu wa kazini nimemwalika. Apande yeye, sisi tutamwambia alivyokuwa.

Naomba kutoa hoja.