Pipa la mbege limeota ukungu? Usikimbilie jiki

Desemba inakaribia na wenye asili ya Kilimanjaro wameshaanza kuulizana nauli. Huko nyumbani ndizi zinavundikwa, ulezi unaoteshwa kupata kimea, na pipa lililokaa stoo tangu Pasaka linatolewa. Ukifungua mfuniko unakutana na harufu ya uvundo, na ndani kuna madoa meusi na ya kijani. Swali ninaloulizwa kila msimu ni lile lile: nioshe au nitupe?

Kabla ya kuangalia ukungu ni mwingi kiasi gani, angalia chombo kimetengenezwa kwa kitu gani. Sufuria na chupa ya kioo ni vigumu na laini, ukungu hukaa juu tu, kwa hiyo vinaokoleka. Ndoo na pipa la plastiki, pitisha ukucha ndani. Ukikwama kwenye mikwaruzo, kazi imeisha. Ukungu na bakteria hujificha humo na brashi haifiki. Hilo libaki la maji ya kumwagilia bustani. Mpira wa kunyonyea pombe uliopata ukungu, tupa, ni bei ndogo.

Kibuyu ndicho kinacholeta ugomvi, hasa kikiwa cha bibi. Kina vitundu vidogo vinavyonywa maji, na shingo yake haipitishi mkono. Kikishaota ukungu ndani, kitundike ukutani kwa heshima zote, ila kisirudi kazini.

Kwa vinavyooshwa, fanya kazi nje, watoto wakiwa mbali, zaidi sana mwenye pumu. Usisugue ukungu ukiwa mkavu, maana vumbi lake huingia kwenye mapafu. Vaa barakoa, lowesha kwanza, kisha osha kwa maji ya moto na sabuni ukitumia sponji laini. Wavu wa chuma ndio unaoleta ile mikwaruzo. Suuza mpaka utelezi uishe.

Sasa ndiyo zamu ya jiki isiyo na manukato: kijiko kimoja cha chakula kwa lita 4 za maji baridi, dakika 10, halafu suuza vizuri kwa maji yaliyochemshwa. Ukiitia kabla ya kuosha, uchafu utaimaliza nguvu. Sufuria usizitie jiki kwa sababu inakula chuma, zichemshie maji tu. Na tafadhali, usiichanganye na siki, ndimu au dawa ya kusafishia choo. Jiki ikikutana na asidi hutoa hewa ya klorini, na hewa hiyo inaunguza koo na mapafu. Masalia ya pombe yaliyochachuka nayo yana asidi, sababu nyingine ya sabuni kutangulia.

Kuna wanaosema pombe yenyewe itaua wadudu. Kilevi cha mbege ni kidogo mno kwa kazi hiyo. Isitoshe, familia nyingi hutumia ndoo ile ile kutengenezea togwa, na togwa ni kinywaji cha watoto.

Lakini kinachonitisha kuliko pipa ni gunia. Ukungu wa kwenye chombo unauona na unaufuta. Ulioota kwenye mahindi au ulezi uliohifadhiwa na unyevu unaweza kuacha sumukuvu ndani ya punje, na sumukuvu haiishi kwa kuchemsha wala kwa kuchachusha. Mwaka 2016 watu zaidi ya 10 walifariki Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo, na nchini Kenya mwaka 2004 walikufa 125. Kwa hiyo kimea kilichoota ukungu hakifai kwa mbege wala togwa. Usiwape kuku pia, kwa sababu nao hudhurika.

Sikukuu zikiisha, usifunge pipa likiwa na matone. Osha siku hiyo hiyo, kabla masalia hayajagandia. Lianike juani mpaka ndani kuwe kukavu kabisa, kisha liinamishe mdomo chini juu ya vijiti viwili ili hewa ipite. Mfuniko uweke pembeni, na mdomo uufunike kwa kitambaa chepesi kisafi kuzuia mende.