Chungu na Mafiga Yake

Mzee mmoja, jirani yangu, ambaye macho yake yamekwisha dhoofika, alipata barua kutoka chama chake cha maziwa. Akamwita mjukuu wake wa darasa la tatu amsomee. Mtoto akasoma vizuri, asikwame hata neno moja. "Inasema nini?" akaulizwa. "Inasema, Babu, kuwa mwenyekiti anawasalimu wote, na gari lilikwama matopeni, na ofisi imepakwa rangi." Mzee akaridhika, akaiweka barua. Kumbe jambo lenyewe lilikuwa kwamba mwanachama asiyepeleka kitambulisho chake kabla ya Ijumaa hatalipwa mwezi ule. Naye hakulipwa.

Mtoto hakudanganya. Alichokosa ni kutenganisha neno kuu na maneno yanayolitegemeza, nasi watu wazima ndio tusiomfundisha. Twamwuliza mbwa wa hadithini aliitwa nani. Akijibu, twampa alama zote, basi.

Si lazima kazi hii ingoje mpaka mtoto akutane na ufupisho katika mtihani wa sekondari. Anza naye angali wa miaka saba, tena kwa mdomo. Mwambie kwamba neno kuu ni chungu, na habari nyingine ni mafiga. Kisha mpe maneno haya: "Ng'ombe wetu ni mgonjwa. Tangu jana hajala majani. Maziwa yamepungua. Masikio yake ni baridi. Tulimnunua Karatina." Mwulize kwanza habari hii yahusu nini, atajibu, ng'ombe. Usikubali kuishia hapo, kwa maana "ng'ombe" ni jina tu, wala si neno kuu. Mwulize tena: yasema nini juu ya ng'ombe huyo? Akisha kusema kuwa ni mgonjwa, na achague sentensi zilizomjulisha hivyo, akiweka jiwe chini kwa kila moja. Atapata mawe matatu. Ile ya Karatina ni kweli, lakini haibebi chungu. Hapo ndipo watoto wengi hubishana, na kwa maoni yangu ubishi huo wafaa kuliko somo lenyewe. Mwache kila mmoja atoe sababu zake.

Siku nyingine lipeleke neno kuu mwisho, maana watoto huzoea upesi kulitafuta katika sentensi ya kwanza tu. Baadaye liondoe kabisa, umwachie mafiga matupu, naye afinyange chungu mwenyewe. Katika barua ya yule mzee, habari ya kitambulisho ilikuwa chini kabisa, karibu na sahihi ya karani.