Tusiuze Wekundu kwa Gunia

Katika mdahalo wa chama chetu muhula uliopita, upande wa kuunga mkono ulishangiliwa hadi madirisha yakatetemeka. Hoja ilikuwa kwamba mlima wa Mrima kule Kwale uchimbwe mara moja ili Kenya itajirike. Mimi sikushangilia. Mpenzi msomaji, naomba nikueleze kwa nini, na uniwie radhi nikianza na fizikia.

Ardhini mwa Mrima kuna niobiamu, na kuna madini yanayoitwa adimu. Mojawapo ya madini hayo adimu ni europiamu, ambayo Mfaransa Demarçay aliitenga mwaka 1901. Sasa sikia maajabu yake. Chukua mchanga wa kutengenezea kioo, uuyeyushe pamoja na oksidi ya europiamu kidogo tu. Kikipoa, kioo hicho hakina rangi, utadhani ni kipande cha dirisha. Lakini kimulike gizani kwa urujuanimno, yaani ile miale ya jua isiyoonekana na jicho, kitawaka chekundu kama kaa la moto. Wala hakichomi! Kisa ni hiki: ndani ya kioo, atomu ya europiamu imepoteza elektroni tatu. Elektroni zinazotoa mwanga zimejificha ndani, nyingine zimezizingira kwa nje, kwa hivyo majirani hawazisumbui sana. Miale ikizipiga hupanda ngazi, kisha hushuka, na katika kushuka hutoa mwanga wa nanomita 612 hivi. Huo ndio wekundu wenyewe. Atomu iyo hiyo ikipoteza elektroni mbili tu, mara nyingi hutoa bluu. Mimi hapo nilibaki mdomo wazi.

Usidhani ni mchezo wa maabara. Televisheni za rangi za miaka ya 1960 zilipata wekundu mkali kwa sababu ya europiamu. Zile balbu za mirija iliyopindwa tunazoziita enaji seva zimepakwa unga wake kwa ndani. Na mwaka 2002 wanakemia wa Uholanzi waliimulika noti ya euro wakakuta inang'aa nyekundu kwa madini haya haya. Yaani hata pesa zao zinalindwa na kitu kama kile tulicho nacho Mrima.

Basi si tuchimbe? Ngoja kwanza.

Mwaka 2013 kampuni ya Cortec ilitangaza kwamba madini adimu ya Mrima yana thamani ya zaidi ya dola bilioni 62. Wenzangu waliitaja hesabu hiyo mdahaloni kama Aya ya Biblia. Hawakutaja kwamba mwaka huo huo serikali ilifuta leseni ya kampuni hiyo, wala kwamba kesi iliendeshwa mbele ya mahakama ya usuluhishi ya kimataifa na Kenya ikashinda mwaka 2018. Tena, bilioni hizo ni za madini yaliyokwisha kutenganishwa. Madini adimu yako 17, na kitabia yanafanana kama mapacha. Kuyatenganisha kunahitaji asidi, vimiminika vingi, na hatua juu ya hatua. Kazi hiyo kwa sehemu kubwa hufanywa Uchina. Anayeuza udongo kwa gunia hauzi wekundu, anauza udongo. Waulize Warundi: madini ya Gakara yalianza kusafirishwa nje mwaka 2017, na kufikia 2021 serikali yao ikasimamisha kazi ikilalamika kwamba nchi haipati haki yake. Na bei nayo ni kigeugeu. Ile ya europiamu ilipaa mwaka 2011, kisha ikaanguka vibaya, maana watu waliziacha enaji seva wakahamia balbu za LED.

Lakini sababu yangu kubwa haiko Kwale. Iko hapa hapa Kiambere. Bwawa letu lilianza kutoa umeme mwaka 1988, na leo mtambo una uwezo wa megawati zaidi ya 160. Ni jambo la fahari, sikatai. Ila kuna utafiti wa Mburugu wa mwaka 1993 juu ya watu waliohamishwa ili maji yapate nafasi, na kila mwanafunzi wa shule hii angepaswa kuujua. Wastani wa shamba la familia ulishuka kutoka hekta 13 hadi 6. Mapato yalishuka kutoka shilingi 10,968 hadi 1,976. Piga hesabu mwenyewe, ni hasara ya asilimia 82. Kwetu nyumbani mimi husoma kwa taa ya sola, na nyaya kubwa za stima zinapita juu ya mbuzi wetu zikielekea mbali. Nyanya yangu huzitazama akasema, "Zinapita tu hizo."

Sasa Mrima si jangwa. Ni msitu wa kaya, mahali patakatifu pa Wadigo, na wako watu wanaolima pembeni mwake. Udongo wenyewe una thoriamu, ambayo hutoa mnururisho, na ukichimbuliwa vumbi halitauliza nani ana hisa.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: Mrima usiguswe mpaka wenyeji wake wawe na fungu lililoandikwa kwenye sheria, mpaka atajwe nani atapima vumbi na maji, na mpaka vyuo vyetu viwe na vijana wanaojua kutenganisha hayo madini 17 na kuyatia ndani ya kioo. Mtu ataniambia tutangoja miaka ishirini. Sawa, tungoje. Mlima hauna miguu.

Wakati tunangoja, kuna jambo dogo. Enaji seva zilizoungua hutupwa kwenye mashimo ya taka, pamoja na zebaki iliyomo, ambayo ni sumu. Namwomba mwalimu wetu wa kemia atupatie sanduku la mbao lenye kifuniko, tuzikusanye zikiwa nzima bila kuzivunja. Mimi nyumbani nimeshahifadhi nne.